Dada wa Kwenye Filamu

Nyumbani kwetu Igowole hapakuwa na picha hata moja ukutani, lakini dada yangu alikuwepo. Mgeni akifika, akishakaribishwa na kupewa kigoda, baba alimwita dada kutoka jikoni, akasema, "Huyu ndiye wa kwenye filamu." Mgeni alimwangalia dada juu mpaka chini kana kwamba anataka kumnunua. Halafu baba, kwa kuwa na mimi nilikuwa nimesimama palepale na kamasi zangu, aliongeza, "Na huyu mdogo wake."

Nimekuwa "na huyu mdogo wake" tangu nilipopata akili. Nilipoanza darasa la kwanza, mwalimu aliniuliza kama mimi ni mdogo wake yule. Nilipopata kipaimara, mama mmoja wa kanisani alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku, akasema sikufanana naye sana. Siku ya harusi yangu mwenyewe, mimi nimekaa mbele na shela langu, mjomba alikwenda kumnong'oneza mshereheshaji kitu, na mshereheshaji akashika kipaza sauti akasema, "Ndugu waalikwa, kumbe humu ndani tunaye yule dada wa kwenye filamu!" Watu wakapiga makofi. Dada akasimama, akapunga mkono, akakaa. Mume wangu naye alikuwa anapiga makofi.

Filamu yenyewe nilisimuliwa tu. Kijiji kilipopata bomba la kwanza, walikuja watu wa serikali na mzungu mwenye kamera, wakawapiga picha akina mama waliopanga foleni na ndoo. Dada alikuwa bado msichana mdogo wa shule ya msingi, na alikuwemo kwenye ile foleni. Mimi nilikuwa nimeshazaliwa, lakini nanyonya, na mtoto wa kunyonya nani ana habari naye. Baadaye gari la sinema lilikuja, likatandika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala la pareto, jenereta likanguruma, na kijiji kizima kikamwona dada anakinga maji, anainua uso, anacheka. Wanasema kicheko kile kilijaa shuka lote. Watu walipiga kelele mpaka maelezo ya yule bwana wa kwenye spika hayakusikika tena, na hadi leo hakuna anayejua filamu ile ilitaka kutufundisha nini kuhusu maji. Gari likaondoka na filamu yake. Halikuileta tena.

Dada alipokuwa anasimulia, alisimulia vilevile kila mara, neno kwa neno, kama mtu anayesali. Alifika bombani, akainama, akakinga, akainuka, akacheka. Na kila mara lazima aseme, "Na hapo nilikuwa na mzigo, ndo maana shingo imepinda." Hicho kipande cha mzigo ndicho kilichonikera kuliko vyote. Mimi nilikuwa naona kuni, tita kubwa la kuni kichwani, na katoto kenye shida kanakocheka chini yake. Nilijua anaweka hilo neno makusudi ili tumwonee huruma na kumsifia kwa wakati mmoja. Haikumtosha kuwa kwenye filamu, alitaka awe kwenye filamu na mzigo.

Wivu wangu haukuwa wa kununa na kukaa kimya. Nilimjibu vibaya, nilimfichia viatu, na alipoolewa akahamia Mbeya nililia kwa sauti kubwa kuliko wote, na watu wakasema tazama wanavyopendana. Nililia kwa sababu nilifikiri sasa ameondoka, wataniona mimi. Wageni wakaja, baba akasema, "Yule wa kwenye filamu ameolewa Mbeya. Huyu ni mdogo wake."

Niliposomea ukutubi na kupata kazi maktaba ya chuo kimoja hapa Iringa, watu wa nyumbani walisema ni kazi nzuri, ya kivulini. Nimepanga Mlandege, ninatembea mpaka kazini, na kwa miaka mingi sikugusa kitu chochote zaidi ya vitabu na magazeti. Halafu siku moja liliingia lori la chuo likiwa limejaa makopo ya bati, ya duara, mengine yamepata kutu mpaka mifuniko haifunguki. Zilikuwa filamu za zamani zilizokuwa zimerundikwa kwenye stoo ya ofisi fulani, na ofisi ilikuwa inataka stoo yake. Mkuu wa maktaba aliuliza nani yuko tayari kuzishughulikia. Wenzangu wote wakatazama chini. Mimi mkono wangu ulikwenda juu kabla sijafikiri.

Wote walidhani nimejitolea. Ukweli ni kwamba nilisikia Mufindi, wilaya yetu, imetajwa kwenye zile za Nyanda za Juu. Kama ile filamu bado ipo duniani, nilitaka iwe mikononi mwangu kabla haijawa mikononi mwa mtu mwingine yeyote, hasa dada mwenyewe.

Nikapelekwa mafunzo mafupi, nikarudi na glavu nyeupe za pamba na maneno mapya. Nilipewa chumba cha nyuma chenye dirisha dogo, na baridi ya Iringa ikafanya nusu ya kazi yangu, kwa sababu filamu ikipata joto inaoza. Ndiyo, inaoza, kama nyama. Mkanda wa zamani unapoanza kufa unatoa siki, unasinyaa, unajikunja, mwisho unagandana ukawa kitu kimoja kama sabuni. Na kopo moja likianza linaambukiza mengine. Kazi yangu ilikuwa kufungua kila kopo, kulinusa, kuuzungusha mkanda taratibu kwa mkono, kuangalia matundu ya pembeni kama yamechanika, kuufuta ukungu, na kuyatenga yanayonuka na yasiyonuka.

Hiyo harufu ilinitia matatani. Ile siki ya filamu, kwa pua ya mtu wa huku kwetu, si siki hata kidogo. Ni ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Ulanzi uliolala, uliochachuka siku mbili tatu, ule ambao mzee akiunywa anaanza kuimba peke yake. Nilikuwa natoka kwenye kile chumba nimejaa harufu kuanzia nywele mpaka sketi, na kule nje ni kiangazi, mianzi haigemwi, ulanzi hakuna mji mzima. Wenzangu wakaanza kunitazama kwa jicho lingine. Mwisho mkuu wa maktaba, ambaye ni Mbena na anaujua ulanzi, alikuja mwenyewe, akafunga mlango, akasema kwa upole, "Dada, mimi sina shida. Ila nataka kujua tu, msimu huu unaupata wapi?"

Nilimfungulia kopo moja chini ya pua. Akarudi nyuma hatua nzima, akacheka, na sijui kama aliamini.

Kopo la kwetu nililipata kwenye safu ya chini kabisa. Karatasi ya juu ilikuwa imeliwa na mende, lakini palibaki "Maji" na palibaki "Igo". Nikalifungua. Harufu ilinipiga machoni. Nikauweka mkanda juu ya meza ya taa, nikaanza kuuzungusha, na kwa kioo cha kukuzia nikaona mlima nyuma ya kijiji chetu, nikaona ghala la pareto, nikaona foleni ya akina mama wadogo kama punje za mtama. Nikazungusha tena kidogo, na mkanda ukakataa. Kuanzia hapo kwenda ndani tabaka zilikuwa zimegandana. Dada yangu alikuwa humo ndani, kwenye kitovu cha ule mkanda, na hakuna mtu ambaye angemtoa kwa nguvu bila kumchana.

Nilikaa kwenye kiti nikaufurahia ule ugumu. Nasema kweli, nilifurahi. Nilijiambia, basi, siki imemla.

Kosa langu lilikuwa kumwambia mume wangu. Mume wangu akampigia shemeji yake, yaani dada, naye akanipigia simu kabla sijamaliza ugali.

"Umeniona?"

"Bado, dada. Umegandana."

"Nimegandanaje?"

"Mkanda. Mkanda ndio umegandana."

"Sasa si uuchomoe, we si ndo umesomea?"

Alikuwa ananipigia karibu kila jioni. Mwanzoni ilinikera, kama kawaida yake, kujiona. Lakini siku moja sauti yake ilikuwa chini. Akaniambia wajukuu zake wanamcheka. Aliwasimulia habari ya filamu, wakachukua simu zao wakaitafuta mtandaoni, hawakuona kitu, wakamwambia, "Bibi, acha fiksi." Akaniambia pia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria, kwamba yeye hana picha yake hata moja ya utoto. Hakuna mtu kijijini aliyekuwa na kamera. "Ile ndo peke yake," akasema. "Nikifa hawatajua nilikuwaje mdogo."

Nilimwambia nitaona. Nikakata simu, na badala ya kumwonea huruma, nikawaza kwamba mimi pia sina picha ya utoto, na hakuna aliyewahi kuniulizia.

Basi ikaja habari kwamba chuo kimoja cha Mbeya kimepata mashine ya kusomea filamu, inayoupitisha mkanda bila kuuvuta matundu na kuugeuza kuwa picha ya kompyuta. Foleni ilikuwa ndefu, na sisi tuliruhusiwa kupeleka makopo yanayoenea kwenye maboksi mawili tu ya baridi. Awamu nyingine haijulikani ni lini. Kuchagua niliachiwa mimi. Kanuni niliijua: unachukua yale yanayokaribia kufa lakini bado yana pumzi. Kopo la Igowole lilikuwa la namna hiyohiyo, halina mfano. Likikosa awamu hii lingekuwa sabuni.

Nililiweka kwenye boksi. Nikalitoa. Nikaweka mahali pake kopo la mnada wa ng'ombe wa Usangu, ambalo lilikuwa na afya nzuri kabisa na lingeweza kusubiri. Nikafunga boksi kwa gundi ya karatasi, nikazima taa, nikatoka mpaka getini. Pale getini nikasimama.

Watu wakisikia kwamba nilirudi, wanadhani damu ni nzito. Hapana. Nilirudi kwa sababu ya kicheko. Maisha yangu yote nimesikia habari za kile kicheko kilichojaa shuka, na ghafla niliona kwamba filamu ikifa, kicheko kile kitabaki kikubwa milele. Hakuna atakayekipima tena. Mimi nilitaka kukiona. Nilitaka kuona kwamba ni katoto tu kamepita mbele ya kamera, kameonyesha meno, basi. Nikarudi ndani, nikachana gundi, ng'ombe wakarudi rafuni na dada akaingia kwenye boksi.

Tulikwenda na gari la chuo. Nyororo, pale inapochepuka barabara ya kwenda kwetu, dereva aliuliza kama nataka kuchukua mahindi ya kuchoma, nikamwambia apite. Mbeya huwezi kulala gesti kama una dada yako wa damu, utakuwa umemtukana yeye na mume wake, kwa hiyo ilibidi nilale kwake. Alinipikia kande, akaniwekea maji ya moto ya kuoga, akanipa kitanda chake. Hakuniuliza habari ya mkanda hata mara moja usiku ule. Nilijua anajizuia, na kujizuia kwake kulinikera pia.

Fundi wa mashine alikuwa baba wa makamo, Mnyakyusa wa Tukuyu, mpole, mwenye vidole virefu. Aliupokea mkanda wetu, akaunusa, akatabasamu, akasema, "Huu umefikia mahali pake." Aliufungia siku kadhaa kwenye chombo chake, ukalegea, akawa anatenganisha tabaka kidogo kidogo, na kila nilipokuja alikuwa amepata urefu wa mkono mwingine. Vipande vingine viliachia rangi yake kwenye vidole vyake. Halafu asubuhi moja akanipigia simu, akasema umepita wote, mara moja tu, na hautapita tena.

Dada alikuwa anasikiliza. Hakuniuliza kama aje. Alikwenda chumbani akatoka na kitenge cha kanisani na kilemba, tukaondoka.

Tukakaa mbele ya kompyuta, dada kwenye kiti cha katikati, bila shaka. Mimi pembeni. Sauti ilikuwa imekufa, kwa hiyo picha zilikuja kimya. Mlima wetu. Ghala. Foleni. Dada akaanza kutaja watu kwa sauti ya chini, huyu mama fulani, huyu yule aliyehamia Makambako, wengi wao nimewazika. Msichana mwembamba alikuwa amefika bombani, nywele zimenyolewa, kanga imefungwa kifuani kwa fundo kubwa. Hakukuwa na kuni. Nilimtafutia kuni kichwani na kichwani hapakuwa na kitu. Akainama, akakinga ndoo, na alipogeuka kidogo nikaona mgongo wake umejaa, na kutoka pembeni ya kanga, karibu na ubavu, kaguu kametokeza. Kaguu ka mtoto kanapiga teke hewani.

Msichana akapeleka mkono nyuma, akakashika kale kaguu, akakabana ubavuni. Halafu uso ukabadilika, macho yakatoka, akainua kichwa akatazama kamera, akacheka. Mungu wangu, alicheka. Mdomo wote, meno yote, na pengo moja. Waliosema shuka lilijaa hawakuongopa.

Fundi akasimamisha picha pale.

"Dada," nikasema, "una nini mgongoni?"

"Si ule mzigo!"

"Mzigo gani?"

Akanigeukia kama mtu anayeulizwa jina la baba yake. "We hujui? Si ndo wewe hapo!"

Nikamwambia hakuwahi kuniambia. Akasema ameniambia tangu sijaota meno, kila siku anasema alikuwa na mzigo. Nikamwambia nilidhani ni kuni.

"Kuni?" Akamtazama fundi ili naye ashangae. "Kuni si zinabebwa kichwani! Uliona wapi mtu wa kwetu anabeba kuni mgongoni?"

Ni kweli. Nimekulia Igowole, nimebeba kuni kichwani mpaka utosi ukaota sugu, na siku zote nilimsikia akisema mzigo uliipinda shingo yake nikamwekea kichwani tita ambalo hakuwahi kulibeba. Yeye alikuwa anasema mzigo kama mama zetu wanavyosema, mzigo wangu umeamka, mzigo wangu una homa. Na hakuna mtu mwingine nyumbani aliyeona haja ya kuongeza neno, kwa sababu kila msichana wa umri ule kwenye foleni ile alikuwa na mtoto mgongoni. Ilikuwa sawa na kusema alikuwa na miguu.

"Sasa pale ulikuwa unacheka nini?" nikamuuliza.

Dada akaanza kucheka kabla hajajibu, kicheko kilekile, pengo tu ndilo limeongezeka. "Ulinikojolea! Maji ya bomba ya baridi huku mbele, na huku nyuma ya moto yanashuka mpaka kwenye kisigino. Na yule mzungu wa kamera ananiambia nitulie!"

Fundi alicheka mpaka akavua miwani. Dada akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akanishika mkono, akamwambia fundi, "Baba, umemwona? Huyu ndiye wa kwenye filamu."

Nilisubiri sentensi hiyo karibu maisha yangu yote, na ilipokuja nilikuwa nimemkazia macho yule msichana wa kwenye kioo, nimeudhika. Uso wake wote unaonekana, kila kitu mpaka vijishimo vya mashavuni. Mimi ni kaguu. Wangeweza kuniweka upande wa kamera. Wangeweza kunifunua kidogo. Nilimwambia dada hivyo, na akasema niache kulalamika, angalau mimi sikuloa.

Wajukuu zake wameiona sasa, wanaionyesha kwa simu zao kwa kila mtu, na wamemwomba msamaha bibi yao. Mkanda wenyewe nimeurudisha Iringa, umelala peke yake kwenye kopo jipya, mbali na wenzake, unaendelea kunuka ulanzi. Kilichobaki ilikuwa kuuingiza kwenye katalogi. Kanuni ya katalogi ni kwamba ukiwatambua watu waliomo kwenye picha, uwataje, mmoja baada ya mwingine, na nani aanze ni uamuzi wa mkutubi.

Nikaandika: mtoto mgongoni, anaonekana mguu, na jina langu kamili, la ubatizo na la ukoo. Nikasoma mara mbili kuhakikisha herufi ziko sawa. Kisha, chini yake, nikaongeza: na huyu dada yake.